Wamenihakikishia kwamba kwao hakuna anayepelekwa hospitali

Shikamoo Bibi Mkunga,

Nina ujauzito wa wiki 27, wa kwanza, na namshukuru Mungu kwamba mpaka sasa sijapata shida kubwa. Tangu mwanzo nimetamani kujifungulia katika kituo cha wakunga badala ya hospitali. Sifuati mkumbo. Nilimsindikiza dada yangu hospitalini alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nikashuhudia alivyolazwa chali kwa saa nyingi huku watu wasiojitambulisha wakiingia na kutoka, na hakuna aliyemweleza kilichokuwa kinaendelea hadi alipoletewa karatasi aitie sahihi. Mtoto alizaliwa salama na dada yangu ni mzima, lakini hadi leo hapendi kuizungumzia siku ile, nami nisingependa siku yangu iwe ya namna hiyo.

Nimetembelea vituo viwili. Cha kwanza kinavutia sana: chumba kina mwanga hafifu, kitanda ni kipana kama cha nyumbani, kuna beseni kubwa la maji ya uvuguvugu ambamo mama anaweza kukaa wakati wa uchungu, na msimamizi wake ni mama mpole aliyenisikiliza kwa saa nzima. Nilipomuuliza ni mara ngapi hulazimika kumpeleka mama hospitali, alitabasamu akasema kwamba kwao hakuna anayehamishwa, kwa kuwa mwanamke akitulizwa na kuaminiwa, mwili wake hufanya kazi yake wenyewe. Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kuamua moyoni.

Kituo cha pili kilinivunja moyo. Kuta ni nyeupe tupu, na mkunga aliyenipokea aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi. Kisha akaniambia, bila kupepesa macho, kwamba kati ya wanawake watatu wanaotarajia mtoto wa kwanza na kuanzia uchungu pale, mmoja huishia kuhamishiwa hospitali. Nikajiuliza, ya nini basi kuanzia pale? Tena akaongeza kwamba huenda wasinipokee kabisa, kwa sababu kadi yangu ya kliniki inaonyesha kwamba siku moja shinikizo la damu lilisoma 138/88, ingawa nilipopumzika na kupimwa tena lilishuka hadi 126/80. Yule wa kituo cha kwanza hakuiomba hata hiyo kadi.

Mume wangu hataki kusikia habari ya kituo chochote. Swali lake ni moja tu: mtoto akizaliwa hapumui, itakuwaje? Mama mkwe naye anasema uzazi si ugonjwa, na kwamba yeye alizaa watoto watano nyumbani bila beseni wala kadi. Nimebaki katikati yao. Naomba unisaidie kuchagua kati ya vituo hivi viwili, na uniambie pia kama ni ubinafsi kulitamani jambo hili.

Mama Mtarajiwa


Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la ubinafsi ili tulimalize mapema, maana halihitaji maneno mengi. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu na kujifungua yanataka kila mwanamke aheshimiwe, aelezwe anachofanyiwa, awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye, na aruhusiwe kutembea na kujiweka katika mkao unaomfaa. Hayo yameandikwa kwa ajili ya mahali popote pa kuzalia, hospitali ikiwamo. Alichonyimwa dada yako kilikuwa haki yake, nawe huna sababu ya kuona haya kukitafuta.

Sasa nije kwenye vituo vyako, na naomba unisamehe kwa nitakalosema: kile kilichokuvutia ndicho kinachonitia hofu, na kile kilichokuvunja moyo ndicho ambacho ningemruhusu binti yangu akaingia.

Mwaka 2011 nchini Uingereza ulichapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia wanawake zaidi ya 64,000 ambao mimba zao hazikuwa na hatari ya pekee, ukalinganisha mahali walipopanga kujifungulia. Kati ya wale waliotarajia mtoto wa kwanza na kupanga kuzalia katika kituo cha wakunga kilicho mbali na hospitali, 36 kati ya 100 walihamishwa, ama wakiwa katika uchungu au mara tu baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa waliokwisha kuzaa kabla, walikuwa 9 tu kati ya 100. Kwa hiyo yule mkunga wa kuta nyeupe hakukutisha. Alikupa hesabu inayokuhusu wewe, mwenye mimba ya kwanza, na ilikuwa karibu sawasawa na ile iliyopatikana kwa maelfu ya wanawake wengine.

Uliuliza ya nini basi kuanzia pale. Sababu ni kwamba katika utafiti huo huo, watoto wa wanawake waliopanga kuzalia katika vituo vya wakunga hawakupata madhara zaidi ya wale waliopangiwa hospitali, hata kwa mimba ya kwanza, na mama zao walifanyiwa upasuaji na kuongezewa njia mara chache zaidi. Marekani nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka vituo 79 ulionyesha kwamba kati ya wanawake zaidi ya 15,000 waliopanga kuzalia humo hadi uchungu ulipoanza, wapatao 6 tu kati ya 100 ndio waliofanyiwa upasuaji, na waliohamishwa kwa dharura hawakufika 2 kati ya 100. Wengi wa wanaohamishwa hawakimbizwi. Mara nyingi uchungu umekwenda polepole, mama amechoka, au ameamua kwamba anataka ganzi ya uti wa mgongo, ambayo vituo hivi havina. Hufungasha mfuko wake na kuondoka na mkunga wake. Matokeo mazuri unayoyasoma katika tafiti hizi yamepatikana kwa kuwa na kituo kinachowaachilia akina mama kwa wakati, na kituo kisichomwachilia mtu hakiwezi kujitegemeza kwenye matokeo hayo.

Basi huyo mama mpole anaposema kwamba kwao hakuna anayehamishwa, naona uwezekano wa mambo matatu. Huenda kituo ni kipya na wanawake waliozalia pale bado ni wachache mno. Huenda wanaohamishwa wanaondoka kwa gari la ndugu zao na kuandikwa kwamba wamebadili mawazo. Au huenda wanashikiliwa kupita kiasi, kila mtu akiutegemea mwili ufanye kazi yake, hadi saa ambayo mwili hauwezi tena. Sitakushauri ukachunguze ni lipi kati ya hayo matatu, kwa kuwa hata lile lililo jepesi kuliko yote linatosha kukufanya uondoke.

Nakumbuka usiku mmoja nilipokuwa kazini katika wodi ya wazazi, aliletwa mwanamke kutoka kituo ambacho sitakitaja, akiwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, peke yake na shemeji yake. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye jina lake, umri wake na maneno mawili, “anaendelea vizuri”, bila saa hata moja na bila mapigo ya moyo wa mtoto hata mara moja. Ilitubidi tumuulize yeye mwenyewe, kati ya uchungu mmoja na mwingine, chupa ilipasuka lini na maji yalikuwa ya rangi gani, naye hakuwa akikumbuka kama ilikuwa jana au juzi. Tangu hapo, nikiulizwa kuhusu kituo, naanza na karatasi zake.

Utakaporudi kituo cha pili, omba uonyeshwe fomu wanayojaza mama akiwa katika uchungu. Iwe patografu ya zamani au mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, si hoja. La maana ni kwamba ina mahali pa kuandika saa, mapigo ya moyo wa mtoto, shinikizo la damu la mama na kufunguka kwa njia ya uzazi, na kwamba wakunga wanaijaza pale pale mambo yanapotokea, si asubuhi kwa kukumbuka. Uchungu ukishakolea, mapigo ya mtoto husikilizwa kila baada ya dakika 15 hadi 30, na mama anapoanza kusukuma husikilizwa kila dakika 5. Kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Muulize mkunga, “Mkisikia 100, mnafanya nini?” Mkunga anayeijua kazi yake atakujibu hatua kwa hatua bila kuudhika, tena huenda akafurahi kwamba umeuliza.

Mumeo ana swali zuri, na ningependa aende akaliulize mwenyewe. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, takriban 10 huhitaji kusaidiwa kidogo ndipo waanze kupumua. Wengi wao hushtuka na kulia wakikaushwa vizuri na kusuguliwa mgongoni, wachache huhitaji kupulizwa hewa kwa mfuko na barakoa, na karibu mmoja katika 100 ndiye anayehitaji zaidi ya hapo. Msaada huo wa hewa unapaswa kuanza ndani ya dakika ya kwanza, kwa hiyo mtu wa kuutoa hawezi kuwa njiani anakuja. Kila mtoto anapozaliwa wawepo watu wawili waliofunzwa, mmoja wa mama na mmoja wa mtoto, na mfuko uwe umetolewa kwenye kasha lake na kujaribiwa kabla. Mwambie mumeo aombe kuuona. Nimewahi kuonyeshwa mfuko ambao barakoa yake ilikuwa ya mtu mzima. Ukiiweka juu ya uso wa mtoto mchanga inafunika hadi paji la uso na hewa yote inatokea pembeni. Barakoa ya mtoto mchanga hufunika pua na mdomo tu, basi.

Nyote hamkuuliza kuhusu damu, na mimi nikiwa mkunga ndilo swali ambalo ningeuliza kabla ya la beseni. Mwanamke mwenye afya njema kabisa, aliyezaa vizuri kabisa, anaweza kuanza kuvuja damu nyingi dakika chache baada ya kondo la nyuma kutoka, na hakuna kipimo cha kliniki kinachoweza kubashiri kwa uhakika ni nani itamtokea. Ndiyo maana hupigwa sindano ya oksitosini, uniti 10, mara tu mtoto anapozaliwa, ili mji wa mimba ujikaze. Dawa hiyo inapotea nguvu ikikaa kwenye joto, hivyo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za selisiasi. Omba uonyeshwe jokofu. Ukikuta kipimajoto ndani yake na daftari la kuandika nyuzi kila siku, uko mahali penye watu makini. Ukikuta chupa za dawa zimebanana na chakula cha wafanyakazi, au ukaambiwa dawa iko kabatini, hapo hapakufai. Waulize pia kama wana asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu isiendelee kuvuja, ambayo husaidia ikitolewa ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe, na kama wanaweza kumwekea mama dripu wakati gari la wagonjwa linasubiriwa.

Ukifika kwenye habari ya gari, usikubali kujibiwa kwa kilomita. Uliza gari ni la nani, linalala wapi, nani hupiga simu, nani hupanda na mama, na kama hospitali inayopokea inawafahamu na imekubaliana nao kwa maandishi. Uliza pia kwamba ukifika kule, yule mkunga ataruhusiwa kubaki nawe au ataachwa getini. Hilo lina uzito kwako, kwa sababu kama mkunga wako anaingia nawe na kukueleza kinachoendelea, hata siku ambayo mpango umebadilika haitafanana na ya dada yako.

Mama mkwe ana haki nusu. Uzazi si ugonjwa, na watoto wake watano ni ushahidi. Hata hivyo, ule utafiti wa Uingereza uligundua kwamba kwa mimba ya kwanza, waliopanga kuzalia nyumbani walipata matatizo makubwa ya mtoto kwa kiasi cha 9 katika kila 1,000, ilhali waliopanga kuzalia hospitali walikuwa 5. Kwa mimba za baadaye tofauti hiyo haikuonekana. Wala usimpinge kwa takwimu hizo mezani. Mwambie tu kwamba huyu ni wa kwanza, naye atakumbuka wa kwanza wake ulivyokuwa.

Kuna jambo moja ambalo umelitaja kwa sentensi moja ukaendelea na safari yako, nami nimelisoma mara tatu. Namba 138/88. Haijafika 140/90, ambayo ndiyo mpaka, na ilishuka ulipopumzika, kwa hiyo sisemi kwamba una tatizo. Ninachosema ni kwamba una wiki 27, na shinikizo la damu linalosababishwa na ujauzito huanza baada ya wiki 20, mara nyingi katika miezi ya mwisho, likianza kwa kupandapanda hivyo hivyo bila mama kusikia chochote. Likifuatana na protini katika mkojo, au dalili kwamba viungo vingine vimeguswa, huo ni mwanzo wa ugonjwa unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na mwanamke wa namna hiyo anapaswa kuzalia hospitali, hata kama kituo kina wakunga bora kuliko wote. Vivyo hivyo kwa mwenye mapacha, mwenye kovu la upasuaji wa uzazi, mwenye mtoto aliyetanguliza makalio, mwenye kondo lililokaa chini, au anayeshikwa na uchungu kabla ya wiki 37. Yule mkunga aliyekuambia huenda asikupokee alikuwa ameisoma kadi yako. Kituo kisichoomba kadi hakina namna ya kumkataa mtu, na kumkataa mtu asiyefaa kuzalia pale ni sehemu kubwa ya usalama wa waliokubaliwa.

Kama moyo wako bado uko kwenye lile beseni, uliza iwapo hospitali yoyote unayoweza kuifikia ina kitengo cha wakunga ndani ya uwanja wake. Humo huduma ni ya wakunga watupu, chumba kinaweza kuwa na mwanga hafifu na beseni, na ukihitaji daktari unasukumwa kwa kiti kupita ukumbi mmoja badala ya kupita barabara. Mumeo huenda akapumua. Kwa mimba ya kwanza, mimi ningeanzia kukitafuta hicho kabla ya kingine chochote, ingawa si kila mahali kipo.

Jambo jingine dogo: waulize watakuruhusu lini kwenda nyumbani. Vituo vingi huwaachia akina mama baada ya saa chache, na Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wabaki chini ya uangalizi kwa angalau saa 24. Wakikuruhusu mapema, wakupe jina la mkunga atakayekuja kukuona kesho yake, na saa atakayokuja.

Wiki hii nenda ukapimwe shinikizo la damu na mkojo. Kaa kitini kwa dakika kadhaa kwanza, mgongo umeegemea na miguu imegusa sakafu, usipimwe umetoka kupanda ngazi. Ikiwa namba ya juu imefika 140 au ya chini imefika 90, au ukapata maumivu makali ya kichwa, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia au uvimbe wa ghafla usoni na mikononi, usiende kituo chochote kati ya hivyo viwili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa namba ziko chini, zipimwe kila mara utakapohudhuria kliniki, na rudi kituo cha pili pamoja na mumeo na kadi yako. Mkimaliza maswali, mwombe aendeshe kutoka mlango wa kituo hadi mlango wa wodi ya wazazi ya hospitali yao, saa ambayo barabara imejaa, nawe ukae kando yake ukihesabu dakika.